Mashine Ifungwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Ninalisema mapema ili ninyi mnaoanza kazi ya ukaguzi msidhani kwamba sisi tuliowatangulia tulikuwa na mioyo ya chuma. Nilikuwa nimevaa shati jipya, vyeti vyangu vimo katika bahasha ya kaki, na nilipofika nyuma ya ofisi ya kazi ya kanda, hapa Mbarara, chai yote ya asubuhi ilirudi. Mfagizi wa pale, mama mmoja mpole, alinipa maji ya kusukutua, akaniambia kwamba hata aliyenitangulia alifanya hivyo hivyo. Sijui kama ilikuwa kweli. Nilishukuru tu.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Kamishna Msaidizi wa Kazi, mtu mnene asiyependa kusimama. Alipojua kwamba nimekulia kambi ya Makenke, ambako baba yangu alikuwa fundi wa magari ya jeshi, akawa ananisemesha Kiswahili. Kwetu Uganda lugha hiyo ni ya askari na ya sokoni, na wakubwa wengi huitumia wakikasirika tu. Yeye aliitumia akitaka kunifundisha.

"Sikia, kijana," aliniambia siku hiyo. "Afisa kazi hapana kata maneno. Wewe unaenda, unaona, unaandika. Ile ya kukata maneno iko juu."

"Juu wapi, mkubwa?"

"Kampala. Kampala ikikosea, ni Kampala imekosea. Wewe unakula chakula yako polepole."

Afisa kazi, kwa asiyejua, ndiye mtu anayekagua mahali watu wanapofanya kazi, anayepokea malalamiko ya mfanyakazi na kumwita mwajiri waketi meza moja. Nilikagua mashamba ya chai, viwanda vya maziwa na karakana za mbao ambako vumbi lilikuwa likitufanya sote tufanane. Kila ripoti niliiandika nakala tatu, nikaisoma mara tatu, kisha nikaenda kuichukua tena kwa tarishi ili niisome mara ya nne. Majibu kutoka juu yalichukua miezi. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini nitakiri hapa: ucheleweshaji ule ulinifaa. Mimi ni mwoga tangu utoto, na hofu yangu ilikuwa na mahali pa kutumwa, ikiwa imebandikwa stempu.

Kisha madaraka yakashuka. Siku hizi wasomi huliita jambo hilo ugatuzi. Kwetu maofisini lilikuja kama waraka wa kurasa mbili: wizara itabaki na sera na sheria kuu, na utekelezaji, yaani kukagua, kusikiliza mashauri na kutoa amri, utakuwa wa serikali za wilaya. Ofisi ya kanda ikafungasha virago. Tuligawanywa wilayani kama viti vya harusi vinavyorudishwa kwa wenyewe. Mimi nilipelekwa katika wilaya iliyokuwa na makazi ya wakimbizi ya Nakivale ndani yake, nikiwa afisa kazi mmoja kwa wilaya nzima. Sheria ilishuka. Gari halikushuka.

Mkuu wa Utawala, ambaye ndiye mtumishi aliye juu ya watumishi wote wa wilaya, alinipokea kwa mkono mzito. Alikuwa amepitia polisi ujanani.

"Karibu, ssebo. Sasa wizara ni wewe," alisema. "Wewe ukisaini kwamba kitu imekwisha, imekwisha. Hakuna kuandikia mtu huko Kampala. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Nikatoka nje, nikausoma tena ule waraka.

Nisieleweke vibaya, nia ilikuwa njema. Mama aliyekatwa kidole hakupaswa tena kungoja barua izunguke nchi nzima. Tatizo ni kwamba mambo mengine yalibaki nusu juu na nusu chini. Usalama wa mitambo ulikuwa hivyo. Ukiuliza wizara, wanakwambia ni la wilaya. Ukiuliza wilaya, wanakwambia fomu zake ziko wizarani. Mwishowe baraza la wilaya likatunga sheria ndogo, yaani sheria inayotumika ndani ya mipaka ya wilaya tu, kuhusu mashine za kusaga nafaka. Kila mashine iwe na kinga, kifuniko cha bati au wavu kinachozuia mtu asiguswe na mkanda unaozunguka. Isiyo na kinga itolewe hati ya katazo, isimame mpaka irekebishwe. Mtu atakayeifanyia kazi mashine iliyokatazwa atakuwa ametenda kosa, awe mwenye mashine au kibarua wake. Kifungu hicho cha mwisho nilikisoma haraka. Ningekisoma mara nne kama zamani, labda nisingekuwa na la kuwasimulia.

Nakivale nilikuwa nikienda kwa bodaboda, nimekumbatia mkoba mbele na vumbi nyuma. Kule Misiera, kijiji cha maduka kilicho jirani na Base Camp, yaani makao ya utawala wa makazi, kulikuwa na mashine za kusaga zaidi ya moja, nyingi za Wakongo waliotoka Kivu Kusini, watu wasiokaa bure hata wakipewa sababu ya kukaa. Mara ya kwanza niliposimama kuwahutubia kuhusu sheria ndogo, walinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha mzee mmoja akasema, "Mzee anasema Kiswahili ya basoda," yaani cha wanajeshi. Wakacheka wote. Nami nilicheka, lakini lilinichoma. Watu wale walikuwa wamekimbia wanajeshi. Sikutaka wanisikie hivyo.

Basi nikajipa kazi ambayo hakuna aliyenituma. Fomu za hati zilikuwa za Kiingereza peke yake, na watu wa Misiera hawakisomi. Nilikaa nikaandika hati kwa Kiswahili, ya upole, ya kistaarabu. Fomu ya Kiingereza ilikuwa na aya ya pili iliyosema mtambo usiwashwe wala usitumiwe na mtu yeyote kwa namna yoyote. Nilipoitafsiri, ilisikika kama sajenti wa Makenke anapiga kelele uwanjani. Nikaifuta. Nikajiona mtu mwerevu.

Mashine ya Papa Bahati ilikuwa ya mwisho katika mstari. Mwenyewe alikuwa amekwenda Mbarara kutafuta dizeli, na injini ilikuwa imezimwa. Nilimkuta Wabiwa, mama wa makamo aliyekuwa akimimina mahindi katika mashine hiyo kwa kulipwa kwa siku. Alikuwa akifagia unga sakafuni. Niliinama kukagua. Mashine ilikuwa imewekwa juu ya magogo mawili bila kushikizwa na kitu, na mkanda wake, mrefu, ulipita wazi usawa wa kiuno cha mtu.

"Inatikisika?" nilimwuliza.

"Ee mzee, inaruka sawa mbuzi! Siku ingine tunaishikilia na mikono."

"Na huu mkanda, hamuogopi?"

"Tunaogopa. Lakini mutoto akisikia njaa, utamuambia mama yako anaogopa mukanda?"

Nilitoa hati, nikajaza kwa kalamu: *Mashine hii inatikisika na mkanda wake uko wazi. Ifungwe mara moja kabla mtu hajaumia.* Nikasaini, nikagonga mhuri. Wabiwa aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti, polepole, bila kukosa hata herufi.

"Ifungwe," alirudia. "Sawa. Nitamupa Papa Bahati akirudi."

Mawingu yalikuwa yamekaa vibaya na dereva wa boda alikuwa akipiga honi. Niliondoka.

Siku tatu baadaye, asubuhi, Papa Bahati alinipigia simu. "Mzee, barua yenu nilisoma. Mashini tulishaifunga."

"Umeifunga kweli?"

"Kweli kabisa! Tulitumia nguvu mingi, mzee. Ukikuja hata leo utaikuta imefungwa."

Nilidhani nguvu hiyo ilikuwa ya kuwazuia wateja wenye madebe yao ya mahindi. Nilimsifu, nikamwambia angekuwa mfano kwa wenzake. Akafurahi. Kanuni ya kazi yetu inasema afisa haandiki kwamba katazo limetekelezwa mpaka amerudi kuona kwa macho yake. Lakini fedha za nauli ya boda zilikuwa zimekwisha, na ripoti ya robo mwaka ilikuwa ikidaiwa. Kwenye safu ya mwisho, mbele ya jina la Papa Bahati, niliandika: imefungwa, imesimama. Nikasaini. Nilikumbuka maneno ya Mkuu wa Utawala kuhusu sahihi yangu, na kwa mara ya kwanza hayakunitisha.

Hazikupita wiki nyingi. Nilikuwa kwenye kikao cha bajeti waliponiita nje kupokea simu kutoka ofisi ya kamanda wa makazi. Kuna mama ameshikwa na mkanda wa mashine, Misiera. Kitenge kilivutwa kwanza, kisha mkono wa kulia. Amekwisha pelekwa hospitali kubwa Mbarara. Niliuliza ni mashine ya nani, huku moyoni nikiomba litajwe jina lolote lile isipokuwa moja. Likatajwa hilo hilo, na mama mwenyewe alikuwa Wabiwa.

Njia nzima nilikuwa nikimlaani Papa Bahati. Mwongo, mnafiki, muuaji. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye gunia, macho mekundu, watu wamemzunguka. Nilitaka kumfokea. Kabla sijafungua kinywa alinyanyuka akanishika mkono, akanipeleka kwenye mashine.

Magogo hayakuwepo. Palikuwa na msingi wa saruji, mpya, umesawazishwa vizuri, na mashine imekaa juu yake imekazwa kwa bolti nne nene. Ungeisukuma kwa bega isingetikisika. Mkanda ulikuwa wazi vile vile, ila sasa ulikuwa umevutwa ukakaza kabisa.

"Si mulisema tuifunge?" Papa Bahati alisema. "Nilitia buloni ine na simenti. Na mukanda nilikaza. Nilifanya yote, mzee. Hii hapa barua."

Alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Niliisoma palepale. Inatikisika, ifungwe. Fundi gani, Mkongo au Mganda, angesoma maneno hayo afikirie kitu kingine? Baba yangu mwenyewe alikuwa akifunga injini kila siku, na maana yake ilikuwa kuikaza kwenye gari ili ifanye kazi. Nilikuwa nimelikulia neno hilo, na nikalisahau kwa sababu nilikuwa na mhuri mkononi. Nikaketi juu ya ule msingi wa saruji.

Mkuu wa Utawala aliniita siku iliyofuata. Ripoti yangu ilikuwa mezani.

"Faili yako iko sawa," alisema. "Uliandika imefungwa. Wao walifungua, kwa siri. Huyo mwenye mashine tutamfunga, na huyo mama hawezi kudai fidia. Sheria ndogo inasema nini? Mtu hapana fanya kazi kwa mashine ya katazo."

"Mkubwa, hawakufungua. Hawakuelewa hati yangu."

Akaenda kurudisha mlango.

"Wewe umebakisha muda gani kustaafu?"

Nilimwambia. Ulikuwa mfupi.

"Basi wacha hiyo maneno. Ukisema hukwenda kuona, ni uzembe, na uzembe inaweza kula pensheni. Una watoto. Nyamaza, banange, nakusihi. Nakuambia kama ndugu."

Nilijua ananitakia mema, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Zamani ningeandika barua juu nikaacha wakubwa waamue nani mwongo. Sasa juu palikuwa hapo hapo, chumba kimoja, watu wawili, mlango umerudishwa. Nikinyamaza, Wabiwa angekuwa mhalifu aliyejikata mkono mwenyewe. Nikisema, huenda ningezeeka mikono mitupu. Kwa siku nne nilichelewa kurudi nyumbani. Mke wangu alidhani ni vikao vya bajeti. Sikumwambia, na hilo nalo najutia.

Siku ya tano nilikwenda hospitalini, kwa kisingizio cha kuchukua maelezo. Wabiwa alikuwa amelala chali, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, na pale palipokuwa na vidole bandeji ilikuwa fupi. Dada yake aliyekuwa akimuuguza alinipa kiti. Sikujua nianze wapi. Akaanza yeye.

"Mzee, ni miye nilipokea ile barua," alisema. "Ninawaza tangu juzi. Pengine nilisoma mubaya. Pengine kulikuwa neno nilirusha, njo maana Papa Bahati hakuelewa. Uniambie tu. Ni miye?"

Nimeulizwa maswali mengi na mahakimu, mawakili, wabunge. Hakuna lililonikata kama lile. Mwanamke aliyepoteza vidole alikuwa akivihesabu kuwa adhabu ya kusoma vibaya, na alikuwa amesoma sawasawa.

"Hukuruka neno lolote," nilimwambia. "Ulisoma vizuri. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Aligeuza uso upande wa dirisha.

Mchana huo huo, kwenye benchi la nje ya wodi, niliandika barua ya marekebisho. Marekebisho ni karatasi inayoambatishwa kwenye ripoti kusema kilichoandikwa mwanzo si kweli, na katika miaka yangu yote sikuwahi kuandika moja. Nilisema: hati haikukataza mashine kutumiwa, neno lilikuwa na maana mbili, sikurudi kukagua, kwa hiyo mashine haikuwahi kusimamishwa kisheria na mama huyu aliumia akiwa kazini kwa halali. Nikaisaini. Nilipeleka nakala kwa Mkuu wa Utawala na kwa baraza. Aliisoma amesimama, akasema kwa Kiingereza, lugha yake ya baridi, kwamba amepokea.

Kwa kuwa nilikuwa sehemu ya kisa, sikuweza kukalia kiti cha kusikiliza shauri. Aliletwa afisa kazi wa wilaya jirani, mama mmoja mkavu mwenye miwani. Mimi nikakaa kwenye benchi la mashahidi, kati ya Papa Bahati na Wabiwa, mahali ambapo kwa miaka nilikuwa nikiwakalisha wengine. Ubao wa benchi lile unaumiza. Sikuwahi kujua.

"Ulipoandika ifungwe," aliniuliza yule afisa, "ulimaanisha nini?"

"Isimamishwe."

"Kwa nini hukuandika isimamishwe?"

Nilitaka kutaja mvua, boda, nauli. Nikasema, "Niliogopa kusikika kama askari."

Aliandika jibu hilo lote. Mwishowe aliamua kwamba Wabiwa aliumia kazini, ana haki zote za mfanyakazi aliyeumia. Kwamba Papa Bahati hakukaidi amri, lakini mashine isimame, isiwashwe, isitumiwe, mpaka iwe na kinga. Maneno matatu yaliyofuatana, kama aya niliyoifuta. Kinga iliwekwa. Nami nilipewa barua ya onyo kali, nikaondolewa kwenye ukaguzi, nikapangiwa kutunza kumbukumbu za vikao hadi nilipostaafu. Pensheni hawakuigusa, ingawa walinichelewesha nikiwa roho juu hadi barua ya mwisho.

Vijana huniuliza kama lilikuwa kosa kuyashusha madaraka wilayani. Siwezi kusema hivyo. Uamuzi unapaswa kukaa karibu na mtu atakayeumia. Lakini anayeushika naye akae karibu, asikie watu wale wanaitaje vitu vyao. Ukimaliza kuandika amri, mpe atakayeitii aisome, kisha usimwulize kama ameelewa, maana atasema ndiyo kwa adabu. Mwulize ataanza kufanya nini kesho asubuhi. Kama ningemwuliza Wabiwa swali hilo moja, angenijibu: Papa Bahati atatafuta simenti. Na nenda ukaone. Hata kwa miguu.

Mwaka jana nilikwenda Misiera, bila kutumwa na mtu, nimevaa kofia. Wabiwa sasa anauza maharage mbele ya nyumba yake. Alinipimia kilo mbili kwa mkono wa kushoto, akiegemeza mfuko kwa kile kilichobaki cha wa kulia, akakataa nimsaidie kufunga fundo. Alikaza kwa meno. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nikasema mawili tu: nisamehe, mama.

Alinikabidhi mfuko kwanza.

"Neno nilishakusamehe, papa," alisema. "Mukono, bado."

Nilimwambia nimesikia, nikampisha mteja aliyekuwa nyuma yangu.